Vero na Sajini wa Kanyenye

Alhamisi jioni, Cheyo

Bado sijui. Leo nimempeleka binti yangu Vero huko Kanyenye, kwa yule sajini aliyerudi kutoka vita vya Burma, anayefundisha watoto sarakasi. Ana magodoro ya kuangukia na farasi wa mbao wa kurukia. Mwalimu Paskali pale misheni, anayemfundisha hadi sasa, ana mchanga tu, na mikono yake.

Vero alipopinduka kinyumenyume aliangukia bega. Nilisimama. Sajini hakusogea hata hatua moja.

"Inuka, rudia," alimwambia.

Akarudia, akatua kwa miguu yote miwili, akacheka kicheko ambacho sijakisikia mwaka huu mzima.

Njiani akasema, "Mama, Mwalimu Paskali angenidaka."

"Sasa unamtaka nani?"

"Sijui."

Ana miaka kumi na mmoja. Mimi mtu mzima, na jibu langu ni hilo hilo.

Tukapitia misheni. Nilimwacha Vero nje, nikamweleza Mwalimu kila kitu, hata habari ya bega. Miaka mitano amemfundisha mwanangu bila kudai hata kuku. Akajifuta mchanga viganjani.

"Mpeleke, Mama Vero. Siku hizi akiruka, mimi ndiye ninayeogopa. Yeye haogopi tena."

Nikamshukuru, nikaaga.

Nimemkanda Vero bega kwa maji ya moto, wala hakulalamika. Akivunjika je, siku moja, na hakuna wa kumdaka? Ukweli ni kwamba nilikwenda misheni nikiomba moyoni Mwalimu anikatalie.