Mwisho wa Mama Orie

Kindu, tarehe 12 Februari 1989

Mutoto wangu Jamila,

Salamu nyingi. Huku tuko wazima, ila goti langu la kushoto linanisumbua tangu mvua zilipozidi. Na wewe? Unakula vizuri kwenye hicho chuo cha ualimu? Wanasema Bukavu iko baridi. Vaa ile tiriko ya sufu niliyokufumia.

Tambwe shofere wa lori amenifikishia daftari la pili. Ahsante kunigeuzia kwa Kiswahili kitabu hiki cha Kifaransa, maana bila wewe ningebaki na picha ya juu tu. Na picha yenyewe wamekosea: wamemupa Mama Orie nywele nyeusi! Kwenye katuni ya kila Jumapili, kwa televizio ya Mama Adolphine, tulimuona na mvi, wewe ukiwa kando yangu unanitafsiria. Tena mbwa wake iko wapi? Kurasa arobaini, hata kubweka.

Lakini nimefurahi. Kwenye katuni watu wote walimupenda Mayu, yule binti anayebeba barua katika teluji. Mama Orie walimuzomea, kwa sababu anapiga watumishi wa nyumba yake ya wageni kwa upawa. Mimi peke yangu nilikuwa upande wake, ukanicheka. Sasa Wajapani wamemuandikia kitabu chake mwenyewe, na hadi hapa Mayu amepita mara moja tu, tena tunamuona mugongo. Hapo njo tunajua sasa kwamba Orie alimufukuza binti yake Chiyo kwa maneno makali, akakaa na maneno yale rohoni miaka kumi.

Hapo nilisoma mara tatu. Unajua kwa nini. Binti yangu Feza, dada yako, alipotuma habari toka kule Kama anakokaa kwamba mutoto wake ana homa, niende, nilijibu: aliolewa bila kuniambia, aite mama mukwe wake. Mutoto akafa. Miaka mitatu sijakanyaga Kama.

Daftari limekatika pale Orie anafunga mizigo kwenda kwa Chiyo. Alipokelewa? Harakisha.

Mama yako mukubwa,
Mwanahamisi

*

Bukavu, tarehe 3 Machi 1989

Mama Mukubwa,

Shikamoo. Mimi muzima, mitihani tu njo imenichelewesha. Pole kwa goti. Ulikande na maji ya moto na chumvi.

Huu njo mwisho wa kitabu:

"Orie akaketi mbele ya mulango wa Chiyo siku tatu. Hakusema neno. Siku ya tatu Chiyo akafungua, akasema: Mama yangu wa roho, ingia, supu inapoa."

Basi, kinaishia hapo. Usiniulize zaidi, kitabu nimekirudisha kwa Pélagie aliyeniazima.

Mutoto wako,
Jamila

*

Kindu, tarehe 30 Aprili 1989

Mutoto wangu Jamila,

Salamu. Natumaini uko muzima. Mimi nimetoka Kama.

Usishangae. Nilisoma ule mwisho, kesho yake nikatafuta lori. Lori hadi Pangi, halafu baiskeli, halafu miguu, na goti hili hili. Nilibisha hodi kwa Feza. Akachungulia.

"Unatafuta nani?"

"Nakutafuta wewe."

"Iko muntu hapa alikungojea sana," akasema. "Tulimuzika kule nyuma ya migomba."

Akafunga mulango.

Nikaketi pale chini kama Orie. Siku tatu. Roger, mume wake, aliniletea mukeka, na usiku alinipeleka kulala kwa jirani. Muchana mvua ilininyeshea, watoto wa mutaa wakaja kuniangalia. Sikusema neno. Siku ya tatu nilijitengeneza kitambaa kichwani, nikangoja. Hakuna. Siku ya nne Feza alitokea mulango wa nyuma, akaenda shambani.

Nakuomba, mwambie Pélagie akuazime tena kile kitabu. Labda uliruka kitu. Orie aliketi namna gani? Alibeba nini mukononi? Lazima iko kitu ambacho mimi sikufanya.

Mama yako mukubwa,
Mwanahamisi

*

Bukavu, tarehe 21 Mei 1989

Mama Mukubwa,

Shikamoo. Sijui kama bado nina haki ya kuuliza habari za goti.

Hukukosa kitu. Mwisho ule niliutunga mimi.

Katika kitabu Chiyo hakufungua. Orie anamuita, anamuomba, teluji inamufika magotini, na mulango haufunguki. Anarudi kwenye nyumba yake ya wageni, anashika upawa. Siku ile ile Mayu anapita tena na mufuko wa barua. Kitabu kinaishia pale katuni inapoanzia.

Nilipofika hapo niliona uso wako, kalamu ikakataa. Nikajiambia: ni katuni tu, nani ataumia? Nilidhani nakupa zawadi. Sikufikiri utapanda lori. Na kwa Pélagie sikukirudisha. Kiko hapa juu ya meza, nimekifunika na gazeti.

Nakuona umeketi kwenye mvua kwa sababu ya mistari mitatu yangu. Nikemee, Mama Mukubwa, lakini usininyamazie.

Mutoto wako,
Jamila

*

Kindu, tarehe 9 Julai 1989

Jamila,

Salamu. Barua yako ilikaa sandukuni wiki tano. Nilikasirika. Uliniona mutoto wa kudanganywa na peremende. Goti linauma, uliza tu.

Lakini nami nitakuambia ukweli. Niliposoma "Mama yangu wa roho", nilisema: hapa anaongea Jamila. Wewe njo uliniita vile ulipokuwa na miaka sita. Chiyo hawezi. Na Orie kunyamaza siku tatu? Yule mwanamke hajanyamaza hata nusu saa tangu tumufahamu! Nilijua, na nilitaka iwe kweli, nikafunga mizigo.

Kunidanganya ni kosa lako, sikuondolei. Langu ni hili: siku tatu kwenye mulango wa mutoto wangu, nikingoja ufunguke kama kitabuni, na neno "nilikosa, nisamehe" sikulisema. Nilijificha nyuma ya Orie. Kumbe Orie wa kweli aliomba. Huyo njo yule ninayemujua, na umenificha mahali pake pazuri kuliko pote. Nitumie kurasa zile, neno kwa neno, usipike kitu.

Nami nimemuandikia Feza barua kwa mukono wangu. Nimemuomba msamaha kwa ajili ya mutoto, kwa jina la mutoto, ambalo sikuwahi kulitaja. Roger alikuja Kindu kununua chumvi, akaibeba. Juzi amerudi tena.

"Alisoma?" nikamuuliza.

"Alisoma amesimama."

"Akasema nini?"

"Aliifunga kwenye pindo la kikwembe chake hapa kiunoni, mama, akaenda nayo shambani."

Hiyo njo habari yote niliyo nayo.

Mama yako mukubwa,
Mwanahamisi