Siku Kariuki Alipoondoa Meli Zake

Jumamosi, hapa mtaani Kimbo. Mvua nyepesi tangu asubuhi, ile isiyolowesha nguo lakini inageuza njia yote kuwa matope. Sina huzuni. Naandika hivyo kwa sababu watu wananiuliza kila siku, na jibu la kweli ndilo hilo. Sina huzuni, sina hasira, sina hamu ya chai. Niko tu.

Wale mnaopita kwenye blogu hii kwa ajili ya mchezo wetu mmekuwa mkiuliza mbona nimenyamaza. Nilipoteza mimba. Ilikuwa imefika mwezi wa tano.

Nimeshaandika. Tuendelee.

Kariuki, mume wangu, hajui anishike wapi. Ni mtu wa kelele kwa kawaida, mtu wa kucheka na televisheni, lakini tangu tutoke hospitali anatembea humu ndani kama mgeni aliyelala kwa watu. Anauliza, "Nikuletee maji?" Nasema hapana. Anaondoka. Baadaye anarudi na kuuliza kama nataka dirisha lifungwe. Siku hizi analala kwenye kochi la sebuleni, eti mgongo unamsumbua na kitanda ni laini sana. Sijawahi kusikia kochi lililotibu mgongo wa mtu, lakini sikubishana naye. Kubishana kunataka nguvu.

Wamama wa kanisa walikuja na unga na ndizi, wakaimba, wakaomba, mmoja akaniambia mimi bado ni msichana mdogo. Nikamshukuru. Nilikuwa nikiangalia soksi zake, moja ilikuwa imetoboka kidoleni.

Mama yake Kariuki hakuja. Anaishi Landless, kule Thika, na miguu inamsumbua. Humpigia mwanawe simu, naye hutoka nje kwenye balkoni wakaongea kwa sauti ya chini, kisha anarudi kuniambia, "Mathe anakusalimia." Nasema asante. Mimi simpigii. Simu yake nikiiona kwangu naiacha ilie mpaka inyamaze.

Jumapili iliyopita Kariuki alinipeleka Chania tuone maporomoko. Nafikiri alitarajia yale maji yafungue kitu fulani ndani yangu. Maji yalianguka. Kulikuwa na maharusi wakipigwa picha, bibi harusi ameinua gauni lisishike tope. Nilichogundua ni kwamba nilikuwa na njaa. Tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala tukiwa tumesimama, tukarudi nyumbani.

Kwa hivyo nimerudi kwenye mipaka.

Kwa asiyejua: mimi na marafiki wawili tunatengeneza mchezo wa kompyuta wa himaya za angani. Unaanza na sayari moja, unapeleka watu kwenye nyota nyingine, unajenga meli, unakutana na majirani. Malalamiko makubwa ya wachezaji ni mipaka. Tuliitengeneza kivivu. Kila nyota yenye watu wako ilichora duara kuizunguka, na maduara mawili yakigongana, aliyefika kwanza ndiye alichukua yote. Mpaka ulikuwa unaruka tu. Unageuka kidogo, ukirudi unakuta meli zako zimesimama kwenye eneo la mtu mwingine bila kusogea hata hatua, na mchezo unakuhesabu mvamizi. Vita vinaanza na hakuna aliyevitaka.

Wiki hii nimeubomoa mfumo wote na kuanza upya. Sasa mpaka unatokana na uzito: watu wanaoishi mahali, muda waliokaa hapo, na meli zinazopiga doria. Kati ya himaya mbili kuna ukanda mweupe usio wa mtu, ambapo yeyote anaweza kupita bila kuulizwa. Na kabla mstari haujasogea, mwenye eneo anapewa onyo.

Ni kazi nzuri kwa mtu aliye kama mimi. Namba hazikuangalii kwa huruma.

Leo mchana nilihitaji mtu wa pili wa kuujaribu. Wenzangu hawakupatikana, mmoja yuko safarini na kwa mwingine stima ilikuwa imepotea. Kariuki alikuwa anapangusa meza ambayo ilikuwa safi tayari.

"Njoo tucheze," nikamwambia.

Aliketi na kompyuta yake kama mtu aliyeitwa kwenye mahojiano ya kazi.

Kariuki ninayemjua hucheza vibaya na kwa fujo. Hujenga meli mpaka watu wake wanalala njaa, halafu anakuja mpakani kwangu akipiga kelele. Leo alikuwa kimya. Nilimpa rangi ya kijani, mimi nikachukua ya zambarau. Tulikua taratibu tukielekeana, na ule ukanda mweupe ukajitokeza katikati yetu, mwembamba, umetulia. Ulifanya kazi. Nilikaribia kufurahi.

Kisha kijani kikaanza kurudi nyuma.

Kwanza nyota moja. Nikadhani ni kosa la hesabu. Kisha nyingine, kisha upande mzima wa kusini. Sikuwa nimeshambulia popote. Zambarau yangu ilikuwa inamwagikia kwake yenyewe, kama maziwa yaliyochemka yakapita sufuria. Kwenye kompyuta yake nilisikia mlio wa onyo, akalifunga. Ukalia tena, akalifunga tena. Mwishowe rangi yangu ikafika kwenye sayari yake ya kwanza kabisa, ile yenye watu wake wote, na mchezo ukanipongeza kwa ushindi.

Niliangalia hesabu zangu kwanza. Zilikuwa sawa. Kisha nikafungua kumbukumbu ya alichofanya yeye, nikaona. Moja baada ya nyingine, alikuwa ameziondoa meli zake zote mpakani na kuzipeleka kwenye kona ya mbali kabisa, mahali pasipo na kitu.

"Kariuki, mbona umeondoa meli zote?"

"Si ulikuwa unakuja upande huu?"

"Sikuwa nakuja. Sijasogeza hata moja. Mstari umesogea kwa sababu wewe ulitoka."

Aliangalia skrini. "Nilidhani unataka nafasi."

"Nani alikwambia nataka nafasi?"

"Hakuna aliyeniambia, Shiru. Wewe husemi kitu. Tangu hospitali husemi kitu. Mimi nabahatisha tu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilimweleza kuhusu mchezo. Nilimwambia kosa ni langu, nimezipa meli uzito mwingi na watu uzito kidogo. Nikamwambia mahali ambapo watu wanaishi hapawezi kugeuka kuwa pa mtu mwingine kwa sababu tu walinzi wamerudi nyuma. Itabidi ichukue miaka mingi ya mchezo, na onyo lisiwe kitu cha kufunga tu, liwe swali ambalo mwenye eneo lazima alijibu. Niliongea na kuongea. Nafikiri ndiyo maneno mengi zaidi niliyotoa tangu siku ile. Alinisikiliza yote, mikono katikati ya magoti.

Nilipomaliza, aliniuliza kwa Kikuyu, bila kuniangalia:

"Alikuwa baba ama mama?"

Nieleze kwa wale wasiotoka huku kwetu. Mtoto wa kwanza kwetu hachaguliwi jina. Akiwa mvulana, ni baba wa mume. Akiwa msichana, ni mama wa mume. Na si jina peke yake, ni kama yule mtu amekuja tena, hata mzazi wake mwenyewe humwita mtoto "baba" ama "mama" na hakuna anayecheka. Kwa hivyo Kariuki hakuwa ananiuliza kama ni mvulana au msichana. Alikuwa ananiuliza ni yupi kati ya wazazi wake tuliyempoteza.

Nilijua. Nesi aliniuliza kama nataka kujua, Kariuki akiwa ametoka kunitafutia uji, nikasema ndiyo. Aliporudi na ule uji sikumwambia. Baba yake alikufa zamani, na mtu aliyekufa unaweza kumwomboleza tena. Lakini mama yake yuko hai. Yuko Landless, anapika, anaenda kanisani, ananitumia salamu. Unamwambiaje mtu aliye hai kwamba ni yeye aliyezikwa?

"Mama," nikasema.

Alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akateremka kutoka kwenye kiti akaketi sakafuni, mtu mzima na ukubwa wake wote, mabega yakitikisika bila sauti. Nikashuka nikakaa kando yake. Bega lake lilikuwa na joto. Hicho tu ndicho nilichohisi, lakini nilikihisi.

"Tumpigie," akasema baadaye.

Sikutaka. Alikuwa ameshapiga, ameweka sauti ya nje, na mama yake alipoitikia yeye akashindwa kutoa neno. Ikabidi niwe mimi.

"Mama, ni Shiru."

"Shiru! Uko salama, mwanangu?"

"Niko, mama. Kuna kitu sikukwambia. Yule mtoto alikuwa msichana. Alikuwa wewe."

Nyuma yake nilisikia mtu akiuza kitu barabarani, akipita, akienda mbali. Nilifikiri amekata simu. Nilifikiri nimeua mtu.

Kisha akasema, polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, karibu ya mshangao:

"Kumbe nilikuwa nimekuja."

Kariuki alikuwa amenishika kifundo cha mkono, amekaza mpaka inauma, na sikumwambia aachilie.

"Nilikuwa nimekuja," akarudia, kana kwamba anajihakikishia. Halafu akapenga kamasi na kuwa mama mkwe tena. "Sasa sikilizeni. Kesho mje. Msibebe kitu chochote. Na wewe Shiru, nikikupigia, shika simu."

Nikasema sawa, mama.

Sijalia bado. Nimekaa hapa nikijisikiliza kama mtu anayengoja maji yarudi kwenye mfereji, na hakuna kitu, ila mkono unauma kidogo pale aliposhika. Mipaka nitairekebisha Jumatatu. Kesho tukitoka kanisani tutapanda gari mpaka Landless, tutabisha mlangoni, naye atatoka na miguu yake mibovu kutufungulia.

Nitakuwa namsalimia nani?