Baada ya Salama

Dada,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Ni miezi minne tangu tukuzike Gulwe. Nilirudi kufundisha chuoni Chimwaga wiki ileile. Watu wakanipa pole, nikawaambia nimeshapoa. Daktari wa magonjwa ya akili kama mimi naye ana uongo wake.

Unamkumbuka yule mama jirani aliyefiwa na mwanawe? Alikuja kuomba chumvi. Ulimsalimia, akasema salama. Hukuinuka kwenda kuchota chumvi. Ulimvutia kigoda, ukamwekea ungo wa karanga, mkaanza kumenya bila neno. Karanga zilipokaribia kwisha ndipo akalia. Alipoondoka ukaniambia, "Mtu akikuambia salama, amekupa adabu tu. Wewe kaa, lake linakuja."

Dada, maneno hayo ndiyo yamenilisha mpaka leo. Niliwafundisha manesi wa vijijini kwetu Mpwapwa, nikaitwa Lilongwe, nikaitwa Geneva: ukishamsalimia mgonjwa, nyamaza, usikimbilie fomu. Nikaandika mada nzima, jina langu juu. Lako halikuwemo. Nilijiambia watu wa huko hawataijua Gulwe. Sababu ya kijinga, na nilijua hivyo wakati naandika.

Na wewe je? Nilikupigia kila Jumapili huku natembea, dakika mbili. "Salama, mdogo wangu, sijui wewe." Basi, nimeridhika. Jumapili ya mwisho nilikuwa mlangoni mwa ukumbi wa semina, begi begani. Ukasema, "Salama. Ila..." Nikakukatiza: "Dada, wananiita ndani, nitakupigia." Kuitwa wapi. Ilikuwa saa ya chai. Nikanywa, kisha nikaingia kufundisha ukumbi mzima namna ya kusubiri. Sikukupigia.

Alhamisi presha ikakuangusha. Shemeji Lameck alinionyesha kopo lako juu ya kabati: dawa za presha, pakiti hazijafunguliwa tangu mavuno. Akasema ulikuwa huli, unashinda umelala, mlenda uliuanika ukauacha uani mpaka kuku wakaumaliza. Wewe, uache mlenda uliwe na kuku. Nesi yeyote niliyemfundisha angeshtuka. Sisemi ningekuponya. Nasema ulitaka kuniambia kitu, nami nikaenda kunywa chai. Naona aibu, Dada. Naona aibu hata kukulilia.

Sasa nampigia Shemeji kila Jumapili, nimekaa chini. Anasema salama, nanyamaza. Majuma ya mwanzo nilisikia kuku tu, na treni ya mizigo ikipita. Jumapili iliyopita alikaa kimya nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Mpaka leo nasonga ugali wa watu wawili." Akalia. Nilikuwepo mpaka alipomaliza.

Mada nimeirekebisha pia. Jina lako liko mwanzo kabisa, na la kijiji. Najua ungecheka, ungeuliza kama hao wa Geneva wanajua kumenya karanga.

Pumzika, Dada. Siwezi kukuahidi kwamba nitajisamehe. Ile "ila" yako nimejaribu kuimalizia mara nyingi, kila mara najichagulia maneno mepesi, kwa hiyo nimeacha. Ilikuwa yako. Ninachokuahidi ni Shemeji: Jumapili nitampigia, na sitakuwa wa kwanza kukata simu.

Ni mimi mdogo wako niliyekukatiza,
Yona