Raihana Amekwenda Uvira

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimemaliza kile kitabu cha jasusi wa treni. Kurasa mia tatu kwa siku mbili! Gauni ninalomshonea mke wa katekista bado halina mikono.

Siwezi kutulia. Rachid alisema shangazi yake atatoka Rumonge kuja kuniulizia, ndipo barua ya posa ifuate, kabla ya Idi. Wiki tatu sasa. Kwetu hakuna barua kabla shangazi hajapita mtaani: msichana anaswali? Ana mdomo? Ana mtu? Mama ameshawaandaa majirani wote wa Buyenzi waseme vizuri. Nina miaka ishirini na tisa na nampenda huyu fundi wa magari mpaka harufu ya oili naiona manukato. Haya, nimeandika.

Jioni nimepita kwa mzee Sylvère, mstaafu wa posta anayeazimisha vitabu vya Kifaransa mlangoni kwake. Nimechukua viwili. Kimoja cha jasusi tena. Kingine cha chombo kinachosafiri angani miaka mia mbili, watu wanazaliwa mle na kufa mle bila kufika. Mia mbili! Mimi wiki tatu zinanishinda.

Jumatano, 5 Juni

Kitamu mno. Jasusi ni mwanamke, anauza maua. Kanuni yake: usiyemjua akilijua jina lako, wewe si huyo. Nimeisoma mara mbili, mguu juu ya pedali.

Pascaline, fundi wa kibanda cha mbele yangu pale sokoni Jabe, ameiga tena mshono wangu wa mabega. Nani anampelekea mishono yangu? Kuna mtu, nahisi. Leo wateja wote nimewatazama kupitia kioo. Zubeda, tunayeshona naye kibanda kimoja, amesema hivi vitabu vitanila kichwa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemkamata! Mpelelezi wa Pascaline!

Mama mnene, ushungi wa kijani, kitambaa mkononi ambacho wala hakutaka kishonwe. Alianza kwa Pascaline. Wakanong'ona, Pascaline akaninyooshea kidole. Zubeda alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, niko peke yangu. Mama akaja.

«Raihana wa mzee Amissi, ni we?»

Jina langu, na la baba juu yake! Damu ilinichemka kwa raha, sitadanganya.

«Apana, mama. Mi ni Danielle, namushikiaka mashini tu. Raihana alienda Uvira.»

«Kufanya nini?»

«Kufuata bwana yake.»

Akashika mdomo. «Eko na bwana?»

«Wa pili huyo. Na wa kwanza walishindwana.» Uongo mmoja peke yake unaonekana mpweke, ukahitaji mwenzake.

Aliniangalia sana, kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Akauliza mara ya pili naitwa nani. Danielle, nikasema. Akaondoka na kitambaa chake. Mimi nimeshona mpaka saa kumi na moja nikiimba. Pascaline ajaribu tena!

Jumamosi, 8 Juni

Jana Rachid hakupiga. Leo kapiga saa nne, sauti kavu. Shangazi yake aliingia mjini Alhamisi, akaenda moja kwa moja sokoni. Aliporudi alijifungia chumbani na mama yake Rachid. Tangu hapo Rachid hakuna anayemwambia kitu. Nyuma ya mlango alisikia Uvira tu. Akaniuliza: Uvira una nani?

Nikamuuliza shangazi alivaa ushungi gani.

Wa kijani.

Nilikaa chini, juu ya vipande vya vitambaa. Nikamwambia yote. Kisha akasema ningeitikia tu ndiyo, ni mimi. Na kwamba shangazi akikataa, mama yake hawezi kumvuka. Hakucheka hata kidogo.

Zubeda alicheka. Machozi yalimtoka. Aliponitazama usoni akaacha.

Nina aibu. Nina hasira pia — kwa nini hakwenda kuulizia msikitini na kwa majirani, kama mashangazi wa watu? Zubeda anasema mtu huchunguzwa kazini, nyumbani kila mtu ni malaika. Maji yakimwagika hayazoleki. Nami nilidhani kusoma kunanifumbua macho! Viatu vyake niliviona, kitambaa nilikiona, hata saa yake ya mkono wa kulia. Mama wa heshima anayemtafutia mtoto wao mke, huyo sikumuona.

Kitabu sijakigusa.

Uongo. Nimesoma kurasa arobaini. Muuza maua naye kakamatwa.

Jumapili, 9 Juni

Saa nne asubuhi. Naandika haraka, chumbani, nimesimama.

Amekuja, shangazi wa Rachid! Peke yake, kwa miguu, bila kutuma habari. Mama amemkaribisha sebuleni na hajui lolote — sikuthubutu kumwambia. Robo saa nzima ni salamu: habari za Rumonge, bei ya samaki, esansi ya magari iliyopotea vituoni. Sasa mama ameanza kunisifu. Eti tangu utotoni sijawahi kusema uongo! Ya Rabi, mnyamazishe.

Nimevaa ushungi. Nimeuvua. Nimeuvaa tena. Nikitoka na kuomba radhi, nitamwaibisha mama mbele ya mgeni. Nisipotoka, basi kweli niko Uvira. Simtaki mwingine, namtaka Rachid, na aliyeshika mlango wa kwao kakaa hapo kwenye kiti chetu, nyuma ya pazia hili.

Mama kasema ngoja amwite binti yake, mgeni amuone.

Na shangazi, taratibu kabisa: «Raihana mumuache, nilisikia eko Uvira. Uniitie Danielle.»

«Danielle?» Mama. «Hapa hakuna Danielle, dada yangu.»

Kisha sauti ya shangazi — kicheko? Kikohozi? Siwezi kujua, nyuso sizioni.

Mama anaita. Anaita tena, kwa sauti ya kuniuliza. Nimeitika «Labeka!» Kwa jina lipi, nitajua nikifika sebuleni.