Nyigu wa Chumba cha Adhana

Jumatatu, 4 Agosti

Nyigu yule mwenye kiuno chembamba amerudi. Anajenga kijumba chake cha udongo kwenye pembe ya dirisha la chumba cha adhana, juu kidogo ya kipaza sauti. Sikumfukuza. Analeta tonge la udongo, analibandika, analisawazisha kwa mdomo, anaondoka. Hana pupa, wala hazembei. Laiti wanafunzi wangu wangemtazama yeye kabla ya kunitazama mimi.

Fundi saa amefika mapema tena. Ndiye naibu wangu katika kuadhini — kwa uteuzi wa kamati ya msikiti, si wangu. Kwa nini mapema? Eti njia ilikuwa nyeupe. Njia imekuwa nyeupe wiki nzima!

Jumatano, 6 Agosti

Mpwa wangu amepiga simu. Mama yake, dada yangu mkubwa aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki, atapasuliwa Jumatatu. Anataka kuniona kabla ya hapo. "Mjomba, kila mlango ukifunguka anainua kichwa." Nikasema nitakwenda, inshallah.

Wagonjwa huonwa saa nane hadi saa kumi tu, na hospitali iko upande wa pili wa mji. Kwenda huko ni kuiacha adhana ya alasiri. Tangu nikabidhiwe mnara huu sijaiacha.

Fundi saa alikuwa karibu, akasikia. "Nenda, Shehe. Mimi nipo."

Mimi nipo! Najua kwamba yupo. Hilo ndilo linaloninyima raha. Mtu mwepesi wa ukarimu namna hiyo ana lake jambo.

Nimeona pia inzi mdogo wa kijivu, macho mekundu, ametua ukutani karibu na kijumba cha nyigu. Hali kitu, haendi popote. Anatazama mlango tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekaa na tasbihi mkononi, na macho yote kwa inzi. Mola anisamehe. Nyigu alipokwenda kutafuta viwavi vya kuwawekea wanawe akiba, inzi akasogea. Nyigu aliporudi, inzi akarudi nyuma kwa adabu, kama mgeni anayepisha watu mlangoni. Umri wote huu nimesomesha kwamba subira ni pambo la wacha Mungu. Kumbe mwizi naye anayo, tena pengine kunishinda.

Muuza viatu wa mlangoni pa msikiti alinikuta nimekodoa macho. "Shehe, unamlinda huyo nyigu au unamwogopa?" Waliokuwapo wote wakacheka. Fundi saa hakucheka. Mbona hakucheka?

Nimemwambia mpwa wangu kwamba miguu inauma. Inauma kweli, lakini si kiasi hicho.

Ijumaa, 8 Agosti

Sauti ilinikwama katikati ya adhana. Nilipomaliza, fundi saa akanipa maji. Sikuwa nimeomba. Alikuwa nayo tayari — na mtu huandaa maji kwa jambo analolitarajia.

Jumamosi, 9 Agosti

Inzi ameingia kijumbani, bila shaka kutaga mayai yake juu ya akiba ya wana wa nyigu. Nilivua kofia nimpige, nikachelewa.

Nyigu alirudi, akashindilia kiwavi chake ndani, akazunguka kijumba mara kadhaa kama aliyenusa jambo. Kisha — akaondoka tena! Nilimkasirikia. Nilitamani kumwambia: kaa hapo mlangoni, mjinga wewe.

Baadaye, nikitawadha, ndipo nilipoelewa. Akikaa mlangoni, mwanawe atakufa njaa ndani. Kuwa tayari kwake si kuziba mlango. Ni kwenda inapobidi kwenda, na kilichobaki nyuma kumwachia Muumba.

Nimemwarifu fundi saa kwamba kesho nitakwenda hospitali. "Alhamdulillahi. Mfikishie dada salamu zangu." Nikamtazama usoni. Hakukwepa. Lakini waongo hodari nao hawakwepi.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya wodi. Dada amebaki macho na vidole. Alinishika mkono. "Umekuja, bwana mdogo? Nilidhani umeota mizizi huko mnarani." Nikacheka, kisha machozi yakanitoka. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso — ukatoka ufunguo. Ufunguo wa kabati la mitambo ya kipaza sauti! Siku zote huuacha kwenye msumari; bila huo kipaza sauti hakiwaki.

"Wa wapi huo?" akauliza dada.

Nikamwambia.

"Wewe! Hata utotoni, ukiondolewa mchezoni ulikuwa unaondoka na mpira."

Nilisahau. Nadhani nilisahau. Kwa muda mrefu nimemchunguza mtu mwingine, na leo nafsi yangu mwenyewe siiamini.

Nilitoka nje ili dada apumzike. Na sasa fundi saa amesimama mbele yangu, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, baiskeli ameiegemeza kwenye nguzo ya ukumbi. Alasiri imekaribia sana. Ikiwa amefuata ufunguo, mbona hauombi? Ikiwa hakuufuata, nani yuko mnarani? Amesema neno moja tu: "Dada anaendeleaje?" Nami nimesema ngoja, namalizia mstari huu.

Hakuna mstari wa kumalizia. Naandika ili nisiinue macho. Kalamu iko mkono wa kulia. Ufunguo nimeufumba katika wa kushoto, na umeshika joto.

Dada anaita kutoka ndani: "Nani huyo? Mwambie aingie!"

Fundi saa hajasogea. Ananitazama mimi, wala si mkono wenye ufunguo —