Mti wa Ufagio wa Mama

Dodoma, Julai 1993, mwaka wa kumi na tisa tangu tuhamishwe kitongojini kwetu.

Dada Yudith mpendwa,

Upepo wa huku bado unapasua midomo. Leo, katika ofisi ya mimea Makole, nimeonyeshwa ule mti mfupi wa majani ya kijivu ambao mama aliufanya ufagio wa uani. Tawi lake limekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Chini wameandika jina la kitongoji chetu, na maneno: “Unapatikana kila mahali.” Niliinama kuunusa.

“Taratibu, babu, majani yatapukutika!” alicheka binti wa ofisi. Kisha akasema, “Mwaka jana nilikwenda huko kuutafuta. Sasa ni mashamba ya zabibu tu. Jina la kitongoji hicho hakuna aliyelijua.”

Kiwanja cha kujenga tulichokubaliana nije kukitafuta, ili nirudi nyumbani, sijakiulizia. Wabusu wajukuu hapo Kilosa. Sitarudi kuishi huku.

Mdogo wako, Yona