Kitanda cha Gari la Mzungu

Baba Kosta, mume wangu,

Nakuandikia jambo ambalo sikupata kukuambia ukiwa hai, nalo limenikaa kifuani.

Unalikumbuka lile gari-nyumba? Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, umeanza kupeleka mitumba Namtumbo na Tunduru, hata wiki tatu hatukuoni. Mzungu mmoja msafiri akataka kuuza gari lake arudi kwao, akalileta hapa kwetu Mjimwema ulikague. Mtaa mzima ulijaa uani! Ndani kitanda, jiko la gesi, kabati. Mama yako akauliza, "Na choo je?" Watu wakaangua kicheko.

Uliingia uvunguni na shati la kanisani, ukagonga chesisi kwa spana, ukachomoa kijiti cha oili ukakinusa. Ukaniagiza ndoo ya maji, ukaimwaga juu ya paa uone kama linavuja. Halikuvuja. Ukashuka umechafuka, unacheka peke yako. Nilikupenda siku ile, na oili yako usoni.

Kisha ukanishika mkono ukaniingiza ndani. "Mama Kosta, hebu lala tuone kama kinatosha."

Jamani! Mlango wazi, majirani wanachungulia, mama mkwe amesimama pale mikono kiunoni, halafu mimi nijilaze kitandani? Nikasema, "Sitaki bwana!" nikashuka mbio nikakimbilia jikoni kwetu.

Nilidhani utacheka tu. Kumbe ukamwambia mzungu aondoke na gari lake. Jioni nikakuuliza lina kasoro gani. Ukajibu, "Kitanda." Basi, nikaamini. Jumatatu ukapanda lori bila mimi, na miaka yote ikawa hivyo mpaka ulipougua.

Juzi yule dereva wa lori uliyekuwa ukisafiri naye alikuja kunipa pole. Katika mazungumzo akasema, "Marehemu alitaka kulinunua lile gari ili muwe mnakwenda wote. Aliniambia wewe ulikataa." Nililia kuliko siku ya mazishi.

Sikukataa, mume wangu. Niliona haya tu! Mbona hukuniuliza? Na mimi mbona sikusema? Nguo zangu za safari nilikuwa nimezikunja tangu alfajiri ya siku ile, ziko kwenye kikapu nyuma ya mlango, nasubiri useme twende.

Nimewaambia watoto wanizike ubavuni pako. Safari hii nitalala, na atakayechungulia achungulie.

Mkeo,
Mama Kosta